Umeme wa Trekta la Zamani: Dainamo, Altaneta na Mafundi wa Chini ya Usambara

Historia ya trekta katika Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata mipango ya serikali na hesabu ya mashine zilizoingizwa nchini, na kwa sababu hiyo huanza siku trekta linaposhushwa bandarini na kukoma siku linapoandikwa daftarini kuwa limeharibika. Katika Milima ya Usambara na mabonde yanayoizunguka, hata hivyo, sehemu ndefu ya maisha ya trekta ilianza pale daftari lilipofungwa, wakati mashine iliyokwisha kufutwa katika mali za shamba kubwa ilipoingia mikononi mwa mkulima, mfanyabiashara wa mbao au misheni, na kutoka hapo ikaendelea kufanya kazi kwa miaka mingi kuliko ile iliyofikiriwa na walioitengeneza. Injini za matrekta hayo zilistahimili, na gia zake pia. Kilichochoka mapema kuliko vyote kilikuwa mfumo wa umeme, yaani betri, kifaa cha kuichaji, stata inayozungusha injini ili iwake, taa, swichi na nyaya zinazoviunganisha. Hapo ndipo mafundi walipolazimika kubadili mashine yenyewe badala ya kuirudisha ilivyokuwa, na mabadiliko hayo yakifuatwa kwa utaratibu yanaonyesha mengi kuhusu uchumi wa eneo hili, zikiwemo nyakati za neema na nyakati za uhaba, kuliko takwimu za matrekta mapya.

Ni lazima kwanza kueleza kwa nini somo hili linahusu zaidi chini ya milima kuliko juu yake. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na vilele vya Magamba na Shagayu vinazidi mita 2,200, ilhali Mombo, mji ulio pale barabara ya Lushoto inapoungana na barabara kuu, uko chini ya mita 500. Umbali kati ya Mombo na Lushoto kwa barabara inayopita Soni ni kilometa 33 tu, nayo inapanda karibu mita 1,000 katika umbali huo. Kwa karne nyingi Washambaa wametofautisha Shambaai, nchi ya mlimani yenye mvua na migomba, na nyika, nchi tambarare yenye joto iliyo chini yake, na historia ya trekta imefuata mpaka huohuo karibu bila kuuvuka. Mashamba ya mlimani ni madogo na yamelala kwenye miteremko ambayo trekta likilima kwa kukata mlima hupinduka, na likilima kwa kushuka huufungulia udongo njia ya kwenda bondeni na mvua. Mradi wa kuhifadhi udongo ulioanzishwa na serikali ya kikoloni katika bonde la Mlalo mwaka 1946, ambao uliwalazimisha wakulima kutengeneza matuta, ulitegemea jembe la mkono tangu mwanzo, ukapingwa vikali na wakulima na hasa wanawake waliobebeshwa kazi hiyo, ukaachwa kabla ya miaka ya 1950 kwisha. Hakuna jambo katika historia hiyo linaloonyesha kwamba mashine ingebadili matokeo.

Trekta lilikuwa na makao mengine. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kandokando yake, kutoka Muheza na Korogwe hadi Mazinde na Mkumbara, yakaenea mashamba ya mkonge, zao ambalo mbegu zake zililetwa na Richard Hindorf mwaka huohuo wa 1893. Upande wa pili wa milima, katika nyika ya Umba kuelekea mpaka wa Kenya, yakafuata mashamba kama yale ya Mnazi na Lunguza. Kwa muda mrefu majani ya mkonge yalibebwa kutoka shambani hadi kwenye korona, mashine ya kusindika inayokwangua majani na kuacha nyuzi, kwa mabehewa madogo yaliyosukumwa juu ya reli nyembamba na manamba, yaani vibarua waliosajiliwa kutoka mikoa ya mbali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia matrekta yenye matela yalichukua kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa kuwa trekta halihitaji kung'olewa reli kila sehemu ya shamba inapomalizika kukatwa. Jambo hili ni muhimu kwa somo lililopo, kwa sababu korona hufanya kazi kwa zamu na haiwezi kungoja majani, na trekta linaloanza kubeba kabla ya mapambazuko au linalomaliza baada ya jua kuchwa linahitaji taa na linahitaji kuwaka kila linapoombwa kuwaka. Mlimani nako mashine zilikuwapo kwa kazi za namna hiyohiyo ya kubeba: matela ya majani ya chai katika mashamba ya Herkulu, Balangai na Ambangulu, magogo ya misitu, na kazi za mashamba ya misheni, kama lile la Wabenediktini la Sakharani karibu na Soni.

Matrekta ya kwanza kuonekana Afrika Mashariki kati ya vita viwili vya dunia hayakuwa na mfumo wa umeme kwa maana ya leo. Fordson ya wakati huo, kwa mfano, ilipata cheche za kuwashia mafuta kutoka katika magneto, kifaa chenye sumaku ambacho huzalisha umeme wake chenyewe kila kinapozungushwa na injini, na dereva aliiwasha kwa kuzungusha hendeli ya chuma mbele ya mashine. Betri haikuwapo, taa hazikuwapo, na mtu mwenye mikono isiyojua kazi angeweza kuvunjwa kidole gumba au kifundo cha mkono endapo injini ingerudi nyuma ghafla. Betri na stata vilipoanza kuwa vya kawaida katika matrekta ya petroli ya miaka ya 1940, mifumo mingi ilikuwa ya volti 6, nayo ilitosha kwa injini ndogo zenye mgandamizo mdogo ambazo hata mkono wa mtu uliweza kuzizungusha.

Upungufu wa volti 6 unaelezeka kwa hesabu rahisi. Nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, ni volti zikizidishwa kwa ampea, yaani kiasi cha mkondo unaopita katika waya. Kwa hiyo volti zikipunguzwa kwa nusu, ampea lazima ziongezeke mara mbili ili kazi ileile ifanyike. Nguvu inayopotea ndani ya waya kwa kugeuka joto hukua kwa mraba wa ampea, na hivyo waya uleule hupoteza mara nne zaidi katika volti 6 kuliko katika volti 12. Kila kutu kidogo kwenye kichwa cha betri, kila bolti iliyolegea na kila waya uliochaguliwa mwembamba kuliko ilivyotakiwa hugeuka kuwa tatizo kubwa. Katika nyika ya Tanga, ambako vumbi na unyevu wa pwani hukutana, na ambako maji ya mkonge yenye asidi huwarukia wafanyakazi na mashine kila siku, kutu haikuwa ajali bali hali ya kawaida.

Dizeli ndiyo iliyolazimisha kuachwa kwa volti 6. Injini ya dizeli haina cheche. Hugandamiza hewa hadi ikapata moto wa kutosha kuunguza mafuta yanapopulizwa na nozeli, na mgandamizo huo, unaoibana hewa hadi karibu sehemu moja ya 16 au 17 ya ujazo wake wa awali, unahitaji stata yenye nguvu ambayo kwa sekunde chache hunyonya mamia ya ampea. Watengenezaji wa Uingereza waliingia miaka ya 1950 wakitumia volti 12, mara nyingine kwa kuunganisha betri mbili za volti 6 mfululizo, yaani ncha chanya ya moja ikishikana na ncha hasi ya nyingine. Fordson Major ya dizeli iliyotoka mwishoni mwa 1951, Ferguson ya dizeli ya wakati huohuo, Massey Ferguson 35 ya mwaka 1957 na hatimaye Massey Ferguson 135 iliyozinduliwa mwishoni mwa 1964 ndizo zilizokuja kujulikana sana na mafundi wa Afrika Mashariki, na kati ya hizo 135, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, ndiyo iliyodumu kuliko nyingine katika kumbukumbu na katika mashamba. Kwa wakati huo mkonge ulikuwa kileleni, uzalishaji wa nchi ukikaribia tani 230,000 kwa mwaka kufikia 1964, na mashamba makubwa yalikuwa na karakana zake, mafundi wake waliofunzwa kazini na ghala za vipuri vilivyoletwa kupitia Tanga na Mombasa.

Kifaa cha kuchaji betri katika matrekta hayo kilikuwa dainamo. Ndani yake kuna koili zilizotulia zinazotengeneza usumaku, na katikati yake huzunguka amecha, yaani kizungusho kilichosukwa nyaya za shaba, ambacho umeme wake hukusanywa na vipande viwili vya kaboni vinavyosugua pete ya shaba iliyokatwa vipandevipande. Kwa kuwa mkondo wote hupita katika sehemu hiyo inayosuguana, na kwa kuwa amecha nzito haiwezi kuzungushwa kwa kasi kubwa bila nyaya zake kutaka kufumuka, dainamo hutoa umeme kidogo sana injini inapozunguka polepole. Dainamo ya Lucas iliyofungwa katika matrekta mengi ya Uingereza ilitoa ampea 11 hivi hata injini ikienda kwa kasi kamili. Taa ya wati 36 hutumia ampea 3 katika volti 12. Taa mbili za mbele na moja ya nyuma ya kumulikia plau au tela zilimaliza ampea 9, na kilichobaki kwa betri kilikuwa kidogo mno. Mtengenezaji alilijua jambo hili na hakuliona kuwa kosa, kwa sababu alifikiria shamba la Uingereza ambako trekta hulima mchana kwa kasi isiyobadilika. Trekta la mkonge linalosimama kungoja kupakiwa, likatembea polepole, likasimama tena kwenye korona na kuwashwa mara nyingi kwa siku moja, lilikuwa na maisha tofauti kabisa, na dainamo haikuwahi kulipa deni lililochukuliwa na stata.

Kando ya dainamo kulikuwa na kisanduku cha kudhibiti chaji, ambacho mafundi wengi wamekiita katauti, kilichobeba vikoili viwili na ncha ndogo za kugusana: kimoja kikizuia betri isirudishe umeme katika dainamo injini inapozimwa, kingine kikipunguza chaji betri inapojaa. Ncha hizo ni ndogo kiasi kwamba vumbi jembamba au ukungu wa kutu unatosha kuzipoteza kazi, na anayezisafisha kwa msasa mkali huziharibu zaidi. Jambo la tatu la kukumbukwa ni kwamba matrekta haya yaliunganishwa kinyume na desturi ya leo, ncha chanya ya betri ikifungwa kwenye chuma cha trekta, sehemu ambayo mafundi huiita bodi, na ncha hasi ikibeba umeme kwenda kwenye vifaa. Wahandisi wengi wa wakati ule waliamini kuwa mpangilio huo hupunguza kutu kwenye maungio. Uingereza iliuacha katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, lakini matrekta yaliyokwisha kuletwa yalibaki nao, na baadaye ukawa mtego kwa kila aliyefunga kifaa kipya bila kuuliza.

Kwa nini basi mfumo dhaifu namna hii ulivumiliwa kwa miaka mingi? Sehemu ya jibu iko katika dizeli yenyewe, kwa kuwa injini ya aina hiyo ikishawaka haihitaji umeme hata kidogo; pampu yake huendeshwa na gia, na huzimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta. Sehemu nyingine ya jibu iko katika milima. Trekta lenye betri iliyokufa likiegeshwa kwenye mteremko huwashwa kwa kuliachia lishuke, kisha kuachia klachi likiwa kwenye gia, na katika nchi kama ya Lushoto, Bumbuli au Mlalo mteremko haukosekani. Mlima ulifanya kazi ya stata bure, na ni haki kusema kwamba uliuficha ubovu ambao kwenye tambarare ya Mombo au Mng'aro ungejulikana siku ya kwanza. Gharama yake ilionekana polepole: klachi zilizoliwa, gia zilizopasuka meno, na hatari ya tela lililojaa magogo au majani ya chai kuanza kushuka kabla injini haijashika. Wakati wa baridi ya Juni na Julai mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani mafuta ya injini huwa mazito, betri hupoteza sehemu ya nguvu yake, na kihita kidogo kilichowekwa kwenye njia ya hewa ya injini za Perkins ili kuipasha hewa moto kinahitaji umeme uleule ambao haupo.

Mwaka 1977 ulibadili hali ya vipuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Mkoa wa Tanga, ambao Mombasa ilikuwa jirani yake wa kibiashara tangu zamani, hili lilikuwa pigo la moja kwa moja. Mashamba mengi ya mkonge yalikuwa yamekwisha kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, uagizaji wa pembejeo na mashine ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma kama AISCO, na fedha za kigeni, zilizokuwa haba tangu bei ya mkonge ianguke mbele ya nyuzi za kutengenezwa kiwandani, zilikauka kabisa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta. Uzalishaji wa mkonge ulishuka hadi chini ya tani 40,000 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika hali hiyo kaboni za dainamo zilichongwa kutoka katika kaboni za mota kubwa, amecha zilisukwa upya kwa waya wa shaba uliofumuliwa kutoka katika mashine nyingine, na betri moja iliweza kuhudumia matrekta kadhaa: ilifungwa katika moja, likawashwa, ikafunguliwa injini ikiwa inaendelea kunguruma, ikahamishiwa jingine. Dainamo ilistahimili utaratibu huo. Desturi ikakaa, na kizazi kizima cha madereva kikajifunza kwamba betri ni chombo cha kuazimana.

Bajeti ya 1984/85 iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na ingawa uamuzi huo hukumbukwa zaidi kwa nguo, sabuni na magari madogo, kwa fundi wa umeme ulikuwa na maana nyingine. Magari yaliyotumika ya Japani yalianza kuingia kwa wingi, mwanzoni kidogokidogo na katika miaka ya 1990 kwa kasi kubwa, na kila gari lililofikia mwisho wake liliacha altaneta, stata, fyuzi na nyaya. Vipuri hivyo viliuzwa Gerezani, Dar es Salaam, na kupanda na mabasi hadi Korogwe na Mombo, miji iliyo kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, ambako magari ya safari ndefu hayakosi kuharibika na gereji hazikosi kazi. Dainamo mpya ya Uingereza ilikuwa kitu cha kuagizwa. Altaneta ya Toyota ilikuwa kitu cha kuchaguliwa mezani. Hivyo ndivyo uboreshaji wa umeme wa matrekta ya zamani ulivyoanza kuwa kazi ya kawaida, bila mpango, bila mradi na bila mhisani, na ni vigumu kutaja juhudi nyingine ya wakati huo iliyorefusha maisha ya mashine za kilimo kwa gharama ndogo namna hiyo.

Altaneta hufanya kazi ya dainamo kwa kugeuza mpangilio wake. Usumaku ndio unaozunguka, na nyaya zinazotoa umeme zimetulia pembeni, hivyo kaboni hupitisha mkondo mdogo tu wa kuamsha usumaku na huchelewa kuliwa. Umeme unaotoka ni wa kubadilika mwelekeo, nao hunyooshwa na dayodi, vipande vidogo vya silikoni vinavyoruhusu mkondo kupita upande mmoja tu, kabla ya kwenda kwenye betri. Kwa kuwa sehemu inayozunguka ni imara, puli yake inaweza kuwa ndogo na kasi yake kubwa, na matokeo yake ni kwamba altaneta ya kawaida ya ampea 35 huanza kuchaji injini ikiwa bado inazunguka polepole. Kwa trekta linalosimama kungoja mzigo, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Kazi ya kubadili, kama inavyofanywa na fundi anayeijua, huanza na betri. Lazima ncha hasi iende kwenye bodi, na kwa kuwa nguzo chanya ya betri ni nene kidogo kuliko nguzo hasi, vishikio vyake navyo hubadilishwa ili visilazimishwe kwa nyundo. Stata haiguswi, na hapa mafundi chipukizi hushangaa, lakini sababu yake ni kwamba katika stata za matrekta haya koili za usumaku na amecha zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo umeme ukigeuzwa zote mbili hugeuka pamoja na mwelekeo wa kuzunguka hubaki uleule. Saa ya ampea iliyo mbele ya dereva hugeuzwa nyaya zake, vinginevyo itaonyesha kuwa betri inapoteza wakati inapochajiwa. Na kwa kuwa saa ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya mkondo mdogo wa dainamo, fundi makini huiondoa katika njia ya altaneta na kuweka saa ya volti mahali pake. Katika trekta la petroli koili ya kuwashia nayo hugeuzwa. Kisha katauti huondolewa kabisa, kwani regyuleta ya altaneta nyingi iko ndani yake yenyewe.

Waya mnene uliotoka kwenye dainamo ulichaguliwa kwa ampea 11, na fundi anayeuacha mahali pake kwa ajili ya ampea 35 ameweka moto chini ya tangi la dizeli. Huo ndio upungufu unaoonekana mara nyingi katika kazi za haraka, na ndio unaostahili kukemewa kuliko mwingine wowote, kwa sababu trekta hutoka gereji likiwaka vizuri na taa zikimulika kuliko zamani, na madhara huja baadaye, usiku, likiwa na mzigo. Waya mwembamba wa pili wa dainamo, kinyume chake, unafaa kutumika tena kwa taa ndogo ya onyo. Taa hiyo si pambo: mkondo wake mdogo ndio unaoamsha usumaku wa altaneta injini inapowashwa, na globu yake ikiungua altaneta inaweza kukataa kuchaji ingawa ni nzima. Kuna matrekta yaliyobadilishiwa altaneta mara mbili kwa sababu ya globu ya bei ya chini kabisa dukani.

Upande wa chuma una ugumu wake. Dainamo ni ndefu na hushikwa na masikio mawili yaliyo mbali, altaneta ni fupi na pana, na kwa hiyo mchomeleaji hutengeneza breketi, akihakikisha puli zote zimekaa katika mstari mmoja, maana mkanda unaovutwa pembeni huliwa katika wiki chache. Altaneta za magari ya dizeli ya Kijapani mara nyingi huja na pampu ya upepo mgongoni, iliyokusudiwa kusaidia breki za gari. Trekta halina haja nayo, na pampu hiyo isipoondolewa au kuzibwa ipasavyo hukauka mafuta na kukwama, ikaharibu altaneta pamoja nayo. Nyingine zinatoka kwenye malori na Land Cruiser za volti 24, na kwa umbo zinafanana na za volti 12 kiasi cha kumdanganya mnunuzi asiyesoma kibandiko.

Mgongano mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa kati ya kifaa kipya na desturi ya zamani. Betri inapotolewa altaneta ikiwa inachaji, volti hupanda ghafla na dayodi huungua kwa kufumba na kufumbua, na betri ikirudishwa kinyume, jambo ambalo ni rahisi kwa mtu aliyezoea chanya kwenda kwenye bodi, matokeo ni yaleyale. Ustadi wa kuazimana betri, uliookoa misimu mizima wakati wa uhaba, uligeuka kuwa chanzo cha hasara, na mafundi wengi walilaumu ubora wa altaneta za mitumba kwa makosa yaliyotoka katika mikono iliyofunzwa na enzi nyingine. Haifai kuwahukumu kwa ukali. Ufundi wa umeme wa magari katika eneo hili ulirithishwa kwa mkono, kutoka karakana za mashamba ya mkonge, za reli ya Tanga na za mafundi wa Kihindi na Kalasinga, kwenda kwa vijana walioanza kwa kushika tochi na kupokeza spana. Mfumo wa mitihani ya ufundi ulikuwapo, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ikaanzishwa kwa sheria ya 1994, lakini mafunzo hayo yalilenga gari la kawaida, na trekta la mwaka 1964 lenye altaneta ya 1990 halikuwa katika kitabu chochote.

Serikali nayo ilikuwa na majibu yake kuhusu uhaba wa matrekta, na yanahitaji kutajwa kwa kifupi. Matrekta ya Valmet kutoka Finland yaliunganishwa Kibaha katika miaka ya 1980. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, kilianzishwa Arusha mwaka 1981. Na baada ya kutangazwa kwa Kilimo Kwanza mwaka 2009, SUMA JKT ilileta matrekta kutoka India. Baadhi ya mashine hizo zimefika katika nyika ya Korogwe na Lushoto, ambako kilimo cha umwagiliaji cha Mombo na Mng'aro kinazihitaji. Zote zimekuja na altaneta na hasi kwenye bodi, na hivyo zimethibitisha bila kukusudia chaguo ambalo gereji za Mombo na Korogwe zilikwisha kulifanya.

Mabadiliko ya karibuni zaidi yanatoka kwenye taa. Taa za LED za wati 18, ambazo sasa huuzwa hata katika maduka ya vipuri vya pikipiki, hutoa mwanga wa kutosha kulimia usiku, na tatu kati ya hizo hutumia ampea 4.5 tu, nusu ya zile zilizotumiwa na globu tatu za wati 36. Kwa hesabu hiyo dainamo ya ampea 11 iliyong'olewa miaka thelathini iliyopita ingebakiwa leo na zaidi ya ampea 6 za kuijaza betri injini inapokwenda kwa kasi, na sababu moja kubwa ya kuitupa imeondoka. Lakini kurudi nyuma hakuwezekani, kwa kuwa udhaifu wake wa kutochaji injini inapozunguka polepole umebaki palepale, na pia kwa kuwa wazee waliojua kusuka amecha na kupima ncha za katauti kwa kipande cha karatasi hawakuacha wanafunzi wengi wa kazi hiyo. Vijana waliokuja baada yao walijifunza kubadilisha dayodi, na hiyo ndiyo kazi inayowafikia kila wiki.